Kisu, Sindano au Tembe: Maneno juu ya Kansa ya Tezi Dume Iliyoenea

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa na Halmashauri ya Usaidizi mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile, na kwa wale waliotaka kuyasoma polepole nyumbani.)



Twajua mlikuja kusikia habari za mapatano mapya ya mishahara, nazo mtazisikia baada ya sisi kukaa chini. Lakini tumemwomba Bwana Mwenyekiti atupe nafasi ya kwanza, kwa sababu jambo tulilo nalo limenyamaziwa katika tawi hili kwa muda mrefu, na kimya hicho nusura kimuue mtu wetu.

Mtu huyo ni mwenzetu wa winchi. Jina lake hatulitaji, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyetutuma tuseme. Alianza kwa maumivu ya kiuno. Nani kati yetu hapa gatini hana maumivu ya kiuno? Akanunua tembe dukani, akaendelea na kazi. Baadaye akawa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe watoka kwa shida. Alipofika hospitali alipimwa damu, akakatwa vinyama vidogo vya tezi vikapimwe, akapigwa picha ya mifupa. Ikaonekana ni kansa ya tezi dume, nayo imekwisha kufika katika uti wa mgongo. Daktari akamweleza kwamba kuna njia ya sindano na kuna njia ya kutoa korodani. Mwenzetu alisikia neno hilo la mwisho tu. Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Miezi mitano alikaa nyumbani akinywa dawa za mizizi. Sisi tuliona jina lake katika orodha ya wagonjwa, tukauliza, tukaambiwa ana "mgongo." Hatukuuliza zaidi. Hapo ndipo lawama yetu ilipo, maana kuna mmoja wetu katika halmashauri aliyejua, naye aliona haya kulitaja. Asubuhi moja miguu ya mwenzetu ilikataa kusimama, ndipo bibi yake akatupigia simu.

Basi baada ya mambo hayo tulikwenda kwa madaktari, tukauliza, tukasoma, tukaandika. Sisi si madaktari. Haya tunayowapa ni ya kumwezesha mtu kuketi mbele ya daktari na kuuliza maswali, asichukue kofia.

Kwanza tuelewane juu ya tezi yenyewe. Tezi dume ni kitu kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kila mwanamume anayo. Kansa yake ndiyo iliyo mbele ya kansa zote za wanaume katika Kenya. Mtu ambaye baba yake au ndugu yake aliugua, hatari yake yazidi, kwa hivyo wana wa wagonjwa yafaa waambiwe wala wasifichwe. Ikigunduliwa mapema, ikiwa bado ndani ya tezi, yaweza kuponywa kwa upasuaji au kwa mionzi. Leo hatusemi juu ya hiyo. Twasema juu ya ile iliyokwisha kutoka na kwenda mbali, mara nyingi katika mifupa. Hiyo kwa kawaida haiponi kabisa, lakini yaweza kushikwa na kutulizwa kwa miaka, na mtu akafanya kazi, akasomesha watoto.

Yashikwaje? Kwa kunyimwa chakula. Kansa hii yapenda homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Homoni ni kama tarishi: hutengenezwa mahali pamoja mwilini, husafiri katika damu, na kupeleka amri mahali pengine. Karibu yote hutoka katika korodani, na kiasi kidogo hutoka katika tezi mbili zilizo juu ya mafigo. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, katika mji wa Chicago, walionyesha kwamba mgonjwa akitolewa korodani, au akipewa homoni ya kike, kansa yake hurudi nyuma na maumivu ya mifupa hupungua. Huggins alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu siku zile dawa nyingi zimekuja, lakini kazi yao ni ile ile: kuikatia kansa testosteroni.

Sasa tuje kwenye kisu, kwa maana ndicho kinachotisha. Watu wetu husema ati ni kufanywa maksai. Neno hilo limewafukuza wanaume wengi hospitalini, nasi twataka tulitazame usoni bila kupepesa macho.

Upasuaji huu ni mdogo. Hufanywa kwa ganzi, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili. Daktari aweza kutoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda lake, hata mfuko usionekane mtupu. Testosteroni huanguka kwa saa chache. Hufanywa mara moja, hulipwa mara moja, na hakuna tarehe ya kukumbuka tena. Ubaya wake ni kwamba hauwezi kurudishwa, na moyo wa mtu huumia. Hilo la moyo si dogo, wala hatulifanyii mzaha.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mwenzetu alipopotea. Yeye alifikiri kwamba kisu huondoa uume na sindano huuacha. Sivyo. Sindano hufanya kazi ile ile. Hamu ya mke huondoka kwa wengi, nguvu za kiume hupungua, ikiwa testosteroni imeanguka kwa kisu au imeanguka kwa sindano. Katika majaribio yaliyolinganisha upasuaji na sindano hizi za kawaida, haikuonekana tofauti ya urefu wa maisha. Tofauti iko kwingine: sindano yaweza kuachwa, na homoni yaweza kurudi polepole, ingawa kwa wazee pengine hairudi yote. Na sindano yaweza kukosekana. Kisu hakikosekani.

Sindano ziko za namna mbili, na yafaa kujua tofauti yao.

Namna ya kwanza ni kama goserelini, leuprorelini na triptorelini. Hizi ndizo za miaka mingi. Kuna za kila mwezi, na kuna za kila miezi mitatu. Goserelini, kwa mfano, huwekwa chini ya ngozi ya tumbo kama punje ndogo, miligramu 3.6 kwa siku 28 au miligramu 10.8 kwa wiki 12. Zafanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo. Kwa kawaida ubongo huzipa korodani amri kwa vipindi, kama king'ora cha kubadili zamu. Dawa hii hupiga king'ora bila kukoma, mpaka tezi iliyo chini ya ubongo ichoke na kuacha kusikiliza, na korodani zikalala. Lakini kabla ya kuchoka, hushtuka. Wiki ya kwanza na ya pili testosteroni hupanda badala ya kushuka, na huchukua wiki tatu au nne hivi mpaka ianguke. Kwa mtu ambaye kansa imegusa uti wa mgongo au imebana njia ya mkojo, kupanda huko ni hatari kubwa. Kwa hivyo daktari humpa kwanza tembe za kuziba, kama bikalutamidi, kwa wiki chache. Ukiambiwa utadungwa sindano ya kwanza ya namna hii, uliza: "Na tembe za kuziba je?" Si ujeuri kuuliza.

Namna ya pili ni degareliksi. Hii haipigi king'ora. Huziba masikio moja kwa moja. Testosteroni huanguka kwa siku tatu hivi, wala haipandi kwanza. Siku ya kwanza hudungwa sindano mbili tumboni, kisha moja kila mwezi. Wengi huvimba na kuumwa pale palipodungwa, na haina ya miezi mitatu, kwa hivyo ni safari kumi na mbili na zaidi kwa mwaka. Mtu wa zamu za usiku ajihesabie mwenyewe.

Iko na tembe ya jamii hiyo hiyo ya kuziba masikio, iitwayo relugoliksi, iliyokubaliwa Marekani Desemba 2020. Humezwa tatu siku ya kwanza, kisha moja kila siku. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2020, waliomeza tembe hii walipatwa na mambo makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 2.9, na waliodungwa leuprorelini kwa asilimia 6.2, katika muda wa wiki 48. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo yafaa aulize habari hii, na aulize pia kama tembe hizo zapatikana hospitali anakotibiwa. Lakini asidhani kwamba degareliksi lazima iwe na sifa hiyo hiyo. Jaribio lililotangazwa mwaka 2021, ambalo lilisimamishwa kabla ya wakati wake, halikuonyesha tofauti ya moyo kati yake na leuprorelini. Na tembe ina shida yake ya tembe: ukiisahau siku kadhaa, homoni hurudi upesi. Sindano haisahauliki mfukoni mwa koti.

Tembe za homoni ya kike, stilbestroli, ni za zamani sana na bei yake ilikuwa ndogo. Majaribio ya Marekani ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba miligramu 5 kwa siku zilizidisha vifo vya moyo na mishipa, ndiyo maana zikaachwa na wengi. Uingereza wamejaribu kuipitisha homoni ya kike katika ngozi kwa kubandika vipande kama plasta, isipite katika ini, na hatari ya damu kuganda imekuwa ndogo zaidi kuliko zile tembe. Maziwa huvimba, lakini mifupa hulindwa. Tunalitaja tu ili mtu asishangae akilisikia.

Basi hapa ndugu mmoja wa forklifti alisimama akauliza: "Ikiwa zote ni sawa, kwa nini wengine hupewa na tembe nyingine juu yake?" Swali zuri. Jibu ni kwamba kukatia korodani peke yake siku hizi hakuhesabiwi kuwa kutosha kwa wagonjwa wengi ambao kansa imefika mifupani. Mwaka 2017 majaribio mawili makubwa yalitangazwa juu ya tembe iitwayo abirateroni. Dawa hii husimamisha utengenezaji wa testosteroni kila mahali, hata katika zile tezi za juu ya mafigo na katika kansa yenyewe. Katika jaribio moja, la wagonjwa 1,199, miaka mitatu ilipopita walikuwa hai 66 katika kila 100 waliopewa abirateroni pamoja na matibabu ya kawaida, na 49 katika kila 100 ambao hawakupewa. Hiyo si tofauti ndogo, ndugu. Ni watu 17 katika kila mia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka abirateroni katika orodha ya dawa za lazima, na tangu hataza yake ilipokwisha katika nchi nyingi, viwanda vingine huitengeneza kwa bei ya chini kuliko ya kwanza.

Abirateroni humezwa pamoja na prednisoni au prednisoloni kidogo. Hizo si za kuachwa ghafula. Huweza kupandisha shinikizo la damu, kushusha madini ya potasi na kusumbua ini, kwa hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Kawaida yake ni miligramu 1,000 kwa tumbo tupu, maana chakula chenye mafuta mengi huweza kuzidisha dawa inayoingia katika damu hata mara kumi. Kwa sababu hiyo hiyo madaktari fulani walijaribu miligramu 250 pamoja na chakula chepesi cha asubuhi, wakatangaza mwaka 2018 kwamba kipimo cha damu cha kansa kilishuka sawasawa na kwa dawa kamili. Wagonjwa walikuwa 72 tu. Yafaa kumwuliza daktari habari hiyo ikiwa fedha ni kidogo, lakini mtu asiipunguze dawa yake mwenyewe nyumbani kwa sababu alisoma karatasi ya chama.

Ziko tembe nyingine zinazofunga mlango wa kansa ili testosteroni isiingie: enzalutamidi, apalutamidi, darolutamidi. Nazo zimeongeza maisha. Enzalutamidi huleta uchovu na kuanguka, na kwa wachache kifafa. Madereva na watu wa winchi, mtamwambia daktari kazi yenu ni gani kabla hajaandika dawa. Yeye haoni gati kutoka mezani pake. Bikalutamidi ni ndugu yao wa zamani na dhaifu. Kutumia hiyo peke yake, bila kisu wala sindano, kwa kansa iliyoenea mifupani, si kuzuri. Wengine huipenda kwa kuwa huacha hamu ya kiume, lakini haijawa sawa na kukatia testosteroni. Wengine pia huongezewa dawa ya mishipani, dosetakseli, nayo si ya homoni, kwa hivyo twaipita.

Mzee mmoja wa stoo aliuliza kama mtu aweza kupumzika sindano miezi kadhaa akisikia nafuu. Jaribio la mwaka 2013, la wagonjwa 1,535 ambao kansa ilikuwa imeenea, lilijaribu hivyo. Waliodungwa bila kukoma, nusu yao waliishi miaka 5.8 au zaidi, waliopumzishwa, 5.1. Haikuweza kuthibitika kwamba kupumzika ni sawa. Miezi ya kwanza waliopumzika walikuwa na raha kidogo zaidi, hilo kweli. Lakini hao walipumzishwa na daktari, wakipimwa damu. Mtu wa pili katika tawi letu alipumzishwa na mfuko wake. Alikosa sindano moja ya miezi mitatu kwa sababu ya karo ya shule, akasema mwezi ujao, ukapita. Kipimo cha damu kilipanda na maumivu yakarudi kabla hajatuambia.

Shida za kukosa testosteroni zipo, wala hatuzifichi. Joto hupanda ghafula mwilini na jasho kutoka. Mwili hunenepa, misuli hulegea, sukari huweza kupanda, damu hupungua, moyo huwa mzito na mtu hukasirika bila sababu. Mifupa hupungua nguvu mwaka baada ya mwaka. Kutembea kila siku na mazoezi ya nguvu kwa kiasi husaidia kweli; na maziwa, dagaa na mboga za majani, na kuacha sigara. Mabibi mlioko hapa, mume akibadilika hivyo hajakukataa. Ni dawa. Na mzungumze, maana mficha uchi hazai.

Fedha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imekwisha, na sasa ni SHA, tunayokatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Matibabu ya kansa yamo, lakini yana kikomo kwa mwaka kwa kila nyumba, na hospitali huomba idhini kabla ya kutibu. Basi kabla ya kuchagua, mtu aulize: sindano hii pamoja na tembe zake na vipimo vyake, kwa mwaka mzima, zaingia ndani ya kikomo? Zikipita, nani atalipa miezi ya mwisho? Bei hatuandiki hapa kwa sababu hubadilika. Maoni ya halmashauri ni haya: mwenye bima imara na njia ya kufika hospitali kila mara, achague sindano akitaka. Asiye na hakika ya sindano ya mwezi wa nane, afikirie kisu bila haya, na fedha iliyobaki iende kwenye abirateroni, ambayo ndiyo huongeza miaka. Wako watakaotupinga katika jambo hili, na ni haki yao.

Kuhusu kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi, akiisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili. Hizo ni za chini kabisa. Tazameni mapatano yetu kwanza. Na mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu mwili hauwezi kazi, kifungu cha 41 chamlazimu aeleze sababu kwa lugha ambayo mtu aielewa, na mfanyakazi ana haki kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mbele yake. Asiende ofisini peke yake. Mtu anayetumia dawa hizi yafaa aombewe kazi nyepesi, asibebe mizigo mizito wala kupanda juu, kwa sababu ya mifupa ile tuliyoitaja.

Na hili lishikeni kuliko yote. Mtu mwenye kansa hii akipata maumivu makali mapya ya mgongo, au miguu ikalegea na kufa ganzi, au akashindwa kushika haja, apelekwe hospitali siku ile ile, hata iwe usiku wa manane. Kansa yabana uti, na saa zikipita miguu hairudi.

Mwenzetu wa winchi alifika hospitali jioni ya siku ile. Alipoelezwa upya, pole pole, bibi yake akiwa kando yake, alichagua kisu mwenyewe, kwa sababu kilikuwa cha haraka. Alipigwa pia mionzi ya mgongo. Leo anatembea kwa gongo, anameza abirateroni, na yuko katika stoo ya kamba, kazi ya kuandika. Amesema yeyote anayetaka kumwuliza jambo aje, hata la aibu. Karani wa tawi atawakutanisha. Jina halitaandikwa katika daftari.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Sasa watu wasikie habari za mishahara.